Pampu ya mafuta inahukumiwa bila kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi nitetee kifaa kinachong'olewa kila siku bila kosa: pampu ya mafuta ya gari la zamani. Dalili zinajulikana. Asubuhi gari linawaka ukigusa tu ufunguo. Linatembea vizuri, linazimwa dakika 20 au 30, na mwenyewe akirudi lingali moto, starta inazunguka mpaka betri inalegea. Fundi akisikia hivyo tu, ameshafungua tangi. Geji ya presha haijatoka hata kwenye sanduku.

Kwenye injini ya nozeli (vinyunyizio vya petroli vinavyotumika badala ya kabureta), presha ya petroli haitakiwi kuisha injini inapozimwa. Magari mengi ya aina hiyo hufanya kazi kwa baa 2.5 hadi 3, na yale yasiyo na bomba la kurudisha mafuta huwa juu kidogo, 3.5 hadi 4. Ukizima, sehemu kubwa ya presha hiyo inapaswa kubaki imefungiwa kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta. Sababu ni joto. Injini ikisimama, maji hayazunguki na upepo haupiti, kwa hiyo chini ya boneti joto hupanda kwanza kabla ya kushuka, na reli iko hapo juu inapikwa. Petroli iliyobanwa haichemki kirahisi. Ikipoteza presha inageuka mvuke, na nozeli zikifunguka hutoa mvuke mahali pa mafuta. Asubuhi reli imepoa, hivyo hata presha ikiwa sifuri pampu huijaza kwa sekunde chache. Ndiyo maana ugonjwa huu hauonekani gari likiwa baridi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Gari likiwa moto na limegoma, fungua ufunguo bila kupiga starta, sikiliza pampu ingurume sekunde 2 hivi hadi inyamaze, kisha funga. Rudia mara 3 au 4, halafu piga starta. Likiwaka hapo hapo, presha ilikuwa imetoroka. Lisipobadilika, acha tangi kwanza. (Kuna magari ambayo pampu haingurumi mpaka injini izunguke, kwa hayo kipimo hiki hakifai.)

Sasa geji. Kabla ya kufungua bomba lolote, toa fyuzi ya pampu, washa injini na uiache iunguze mafuta yaliyobaki mpaka izime yenyewe, funika maungio kwa kitambaa na uweke kizima moto karibu. Petroli inayorukia injini ya moto haina msamaha. Geji ikishafungwa, rudisha fyuzi, washa na usome presha. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya reli: presha ipande kwa takriban nusu baa. Mpira huo ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na umeshampata mwizi. Kama ni mkavu, zima injini, tazama saa, usiguse kitu kwa dakika 20. Kushuka kidogo ni kawaida. Kuanguka hadi karibu na sifuri kwa dakika chache si kawaida.

Hapa ndipo wengi wanaposimama na kuilaumu pampu, ilhali presha ina njia 3 za kutorokea: kurudi nyuma kwenye pampu, kupita kwenye regyuleta kwenda tangi, au kuchuruzika kwenye nozeli. Washa tena, zima, na papo hapo bana mpira unaoleta mafuta. Presha ikitulia, uvujaji uko upande wa tangi. Ikiendelea kushuka, rudia, safari hii ukibana mpira wa kurudisha. Ikitulia, ni regyuleta. Ikishuka hata mipira yote miwili ikiwa imebanwa, na hakuna unyevu kwenye maungio ya nje, geukia nozeli. Bana baada ya kuzima tu: ukifunga njia ya kurudi pampu ikiwa kazini, presha hupanda ghafla. Na bana mpira pekee, tena mpira usio na nyufa. Bomba la plastiki litapasuka.

Hata ukigundua kuwa mafuta yanarudi tangini, pampu bado haijahukumiwa. Ni kweli vali yake ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi huchoka. Lakini ndani ya tangi, kati ya pampu na kishikio chake, mara nyingi kuna kipande kifupi cha mpira chenye klipu 2. Kikipasuka au klipu ikilegea, dalili zake ni zile zile za vali mbovu. Kinachohitajika ni mpira mpya, ila uwe ule uliotengenezwa kukaa ndani ya petroli. Wa kawaida hulainika na kuoza.

Nozeli inayochuruzika hujisema yenyewe: plagi zimelowa, moshi mweusi unatoka likiwaka, harufu ya petroli imejaa. Ukikanyaga pedali hadi chini wakati wa kupiga starta na likawaka, mafuta yalikuwa yamezidi, maana kompyuta nyingi hukata nozeli pedali ikiwa chini kabisa.

Presha ikiwa nzima, ziko lawama nyingine. Sensa ya joto la maji husomeka takriban omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na karibu 300 kwenye nyuzi 80; ikidanganya kwamba injini ni baridi, mafuta humwagwa kupita kiasi. Mshale wa joto kwenye dashibodi hauiondolei lawama, kwani mara nyingi una sensa yake. Sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, nayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa: tazama kama mshale wa mizunguko hautikisiki kabisa wakati wa starta. Rilei ya pampu (swichi inayoipelekea umeme) ambayo risasi ya kulehemu imepasuka ndani yake hufanya mchezo huo huo.

Kwa gari la kabureta, mafuta huchemka kwenye bakuli la boya na kufurika ndani ya injini. Shusha pedali polepole hadi chini na uishikilie hapo. Kuipigapiga kunaongeza mafuta. Kisha kagua kama gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta bado ipo, maana mafundi huiacha mezani.

Kwa wenye magari ninaomba jambo moja. Kabla ya kulipia pampu, taka namba 3 ziandikwe kwenye risiti: presha injini ikiwaka, presha mara tu ilipozimwa, na presha dakika 20 baadaye.

Fundi wa magari