Mkate wa Jana

Montreal, Kanada, Jumapili asubuhi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vya miguu vinanilalamikia baridi. Natumai mgongo umekuachia, na Bibi bado anagombana na kuku wa jirani.

Nakuandikia mikono ikinuka samli. Leo nimepika ule mkate wako wa mayai, uliokuwa ukitukaangia boflo la jana likishakauka, nasi tunanuna kwa nini hatununuliwi jipya. Huku Québec wanauita pain doré, mkate wa dhahabu. Kule Ufaransa ni pain perdu, mkate uliopotea. Mikahawani watu wanapanga foleni Jumapili kuula. Bei sikutajii, utasema nirudi nyumbani.

Wiki iliyopita nilijaribu nikaumbuka. Nilinunua mkate mpya, laini kama pamba, nikauchovya kwenye mayai na maziwa. Kuunyanyua tu, nusu ikabaki bakulini. Siagi nayo ikaungua mapema, king'ora cha moshi kikalia, jirani wa juu akaanza kugonga sakafu. Ndipo nikakuelewa. Mkate mkavu hunywa maziwa bila kuvunjika, na samli haiungui upesi kama siagi. Kumbe hukuwa unabana matumizi tu.

Basi jana usiku nikaacha slesi nne mezani, wazi. Asubuhi mayai mawili, maziwa nusu kikombe, sukari kijiko, chumvi chembe. Iliki niliifuata mpaka Parc-Extension kwenye maduka ya Wahindi, nikaitwanga kwa kitako cha glasi maana kinu sina. Moto mdogo. Slesi ya kwanza ilipogusa kikaango ikalia chiii, pembeni mayai yakafanya kama lesi, nyembamba, ya kahawia. Iliki ikapanda. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka nusura niunguze tena.

Juu yake wenyeji wanamimina asali ya mti. Mti wenyewe ni érable, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Baridi ikielekea kuisha, usiku kunaganda na mchana kunayeyuka, wanatoboa shina, maji yanadondoka kwenye ndoo. Wenye mashamba makubwa wanayavuta kwa mipira ya maji. Maji hayo ni kama maji tu, utamu wa kubahatisha. Yanachemshwa lita kama 40 ndipo ipatikane lita 1. Nilipoonja nikasema hii ni asali ya tembo la mnazi iliyosoma Kifaransa! Mwambie Mjomba huku wagema hawapandi juu. Wanatoboa wakiwa wamesimama chini, na viatu vyao miguuni. Najua atakavyocheka, na atakavyowadharau.

Chupa moja nimekuwekea, nitampa mtu akija huko. Usimpe Bibi yote, sukari yake unaijua.

Sasa nisaidie. Mimi nimetia iliki tatu, na bado haikufika ladha yako. Ulikuwa unatia ngapi? Au kulikuwa na kitu kingine ambacho hukutuambia? Nijibu kwa simu, lakini toka nje kwanza. Bibi akisikia atasema yeye ndiye aliyekufundisha.

Mwanao