Foleni ya nafasi kwenye gemu lenu

Kaka Salum,

Salaam. Umeuliza mfanye nini ili kila timu ipate tabibu, yule anayewarudishia wenzake uhai, maana sasa wote watano wanakimbilia kushambulia. Kwanza, uchaguzi wa nafasi uondoeni kwenye chumba cha kusubiria. Pale anayewahi kubonyeza ndiye anayepata, aliyechelewa ananuna, na mechi inaanza timu ikiwa imeshagombana. Mtu achague kabla ya kuingia kwenye foleni, aweke chaguo la kwanza na la pili. Wenye gemu la Overwatch walihamishia uchaguzi huko mwaka 2019, tanki 2 (yaani wachezaji wa mbele wanaozuia mapigo), washambuliaji 2 na matabibu 2 kwa kila timu. Kugombea nafasi kukaisha, ila washambuliaji wakaanza kusota foleni.

Piga hesabu uone kwa nini. Timu yenu ni tanki 1, washambuliaji 2, matabibu 2. Wakiwapo watu 100 mnaweza kupata mechi 10, zinazotaka tanki 20, washambuliaji 40 na matabibu 40. Tuseme waliojiandikisha ni tanki 10, washambuliaji 60, matabibu 30. Kila mtu akishikilia chaguo lake, zinaanza mechi 5 tu. Watu 50 wanabaki wanaangalia saa, 40 kati yao washambuliaji. Wakikubali kuhama washambuliaji 20, nusu wawe tanki na nusu matabibu, mechi zote 10 zinaanza. Shida yenu ni hao 20 tu.

Msiwalipe sarafu za gemu ili wahame. Sarafu huvuta watu wasiojali timu, anasimama nyuma akisubiri mechi iishe achukue chake. Afadhali njia ya gemu la Dota 2: anayekubali kupangiwa popote analipwa tokeni, yaani haki ya kujichagulia nafasi kwenye mechi zijazo. Tokeni hiyo itolewe mechi ikiisha, kamwe si inapoanza, la sivyo mtu ataipokea, ataona kapewa utabibu, atajitoa. Na kwenye kitufe cha kila nafasi andikeni muda wa kusubiri. Akiona “tabibu dakika 1, mshambuliaji dakika 7”, wapo watakaohama bila kuombwa.

Kulazimisha kuje mwisho. Anzeni na sekunde 90: zikipita, mpeni chaguo la pili, na baada ya hapo ndipo mumpangie popote. Asizidi mmoja aliyelazimishwa kwa timu, na upande wa pili nao uwe na wake, ikiwezekana kwenye nafasi ileile. Mechi inayofuata apate chaguo lake la kwanza.

Sasa hapa ndipo wengi huharibu: alama za daraja, zile zinazopima uhodari wa mchezaji ili akutanishwe na wa kiwango chake. Mshambuliaji hodari akipangwa kuwa tanki kwa alama zake za ushambuliaji, anakutanishwa na matanki waliobobea, timu inachapwa, lawama zote zake. Wekeni alama tofauti kwa kila nafasi, na nafasi mpya ianzie chini kidogo ya ile aliyoizoea.

Marafiki wanaoingia pamoja wakaguliwe kabla ya kutafuta mechi, maana watatu wote wakitaka kushambulia hawatapangika kamwe. Mashujaa, yaani wahusika ambao mtu huwachezesha, nao wafungwe kwa nafasi, vinginevyo mtu atajiandikisha tabibu apite foleni fupi, kisha achukue shujaa wa kushambulia, kama mpiga mishale. Kubadilishana nafasi kuruhusiwe wawili wakikubaliana.

Ubao wa matokeo pia. Ukionyesha mauaji peke yake, nani atake kuwa tanki? Onyesheni madhara yaliyozuiwa na uhai uliorudishwa. Overwatch 2 ilipotoka mwaka 2022 ilibakiza tanki mmoja kwa timu. Mahitaji ya matanki yakapungua, lakini mzigo wa lawama ukaelemea kichwa kimoja, kwa hiyo kwenu hilo la ubao lina uzito zaidi.

Usiku wa manane, wakibaki watu 30 mtandaoni, legezeni masharti. Foleni kali na watu wachache haziendi pamoja.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kisha nitumie muda wa kati wa kusubiri kwa kila nafasi, idadi ya waliopata chaguo la kwanza, na wanaojitoa ndani ya dakika 2 za mwanzo, mchana na usiku kando kando.

Wasalaam,
Idi