Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbegu za Pamba Isiyo na Tezi

Ndugu wanachama,

Kitalu kilipandwa kwa wakati, na mafunzo ya kufunga maua kwa uzi jioni kabla hayajafunguka, ili yajichavushe yenyewe, yalifanyika. Hayo mnayajua.

Nizungumzie uamuzi wa kutumia jeni fifi (isiyoonekana mpaka itoke kwa wazazi wote wawili) kupata pamba isiyo na tezi, maana maneno yamekuwa mengi nje ya kikao. Vile vidoa vyeusi kwenye majani, shina na mbegu za pamba ni tezi za gosipoli, sumu inayofanya mashudu yasifae kulisha kuku na nguruwe kwa wingi. Uotaji wa tezi unaongozwa na jeni iliyobainishwa mwaka 2016, GoPGF. Pamba ya kawaida inayo mara mbili, kwenye kromosomu A12 na D12. Ndizo wataalamu wa zamani walizoziita Gl2 na Gl3. Tezi hazipotei kabisa mpaka zote mbili ziwe mbovu, upande wa baba na wa mama. Kwa hiyo katika kizazi cha pili cha chotara mche 1 kati ya 16 ndio safi, yaani hauna tezi. Aliyeotesha 10 akakosa asinilaumu. Otesha 50.

Waliotaka Gl2e, jeni tawala (nakala moja yatosha kuonekana) ya Bahtim 110, aina ya pamba kutoka Misri, wanasema ni ya haraka. Kweli, tezi hupungua tangu chotara ya kwanza. Lakini mche wenye nakala moja tu ya Gl2e karibu huwezi kuutofautisha na wenye mbili, na ukijichavusha tezi zinarudi kwa watoto wake. Kwa jeni fifi, mche usio na tezi umeshatulia: ukijichavusha, tezi hazirudi. Nilisimamia hilo peke yangu, na bado nalisimamia.

Kuhusu malalamiko kwamba miche iling'olewa kwa "vidoa vitatu tu": vidoa vichache ni dalili kwamba bado kuna nakala nzima ya jeni ya tezi, na nyuki hawasubiri kikao kusambaza chavua. Kagueni majani ya kwanza, kisha pasueni mbegu kwa wembe mtazame kiini kwa lenzi. Shina pekee hudanganya.

Kati ya wanachama 64 mlihudhuria 19. Ada wamelipa 23. Lenzi ni mbili, nazo ni za kuazima.

Mimea isiyo na tezi popote hushambuliwa zaidi na panya na wadudu. Baadhi ya pamba mwitu za Australia zina mbegu isiyo na tezi, na tezi hutokea mbegu ikiota. Tukijaliwa, na ada zikiingia, tutazitazama.

Mwenyekiti