Balansa mpya isikunyang'anye pawa stelingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri uliozoeleka gereji: kwamba ukifunga balansa ya krankishafti (gurudumu la mbele ya injini, aghalabu lenye mpira, linalomeza mtikisiko wa krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini) isiyo ya kiwanda kilichounda gari, pampu ya stelingi lazima ing'olewe. Sababu wanayotoa ni kuwa balansa nyingi za aina hiyo zina mfereji mmoja tu, wa mkanda wa alteneta na pampu ya maji. Ni kweli kwa baadhi. Ila nyingi pia zina matundu ya bolti usoni, na hayo hayakutobolewa kwa urembo; ndipo inapofungwa puli ya pili.

Anayeng'oa pampu asidhani amebaki na stelingi ya kawaida. Boksi la stelingi lililoundwa kusaidiwa na mafuta, likikosa pampu, humfanya dereva ayasukume mafuta hayo kwa mikono yake. Kwenye kuegesha ndipo atakapojua.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya kufungua bolti hata moja. Egemeza rula iliyonyooka usoni mwa bloku, pima kwa kalipa hadi katikati ya mfereji wa mkanda wa stelingi, kisha andika. Balansa mpya ikishakaa pamoja na puli ya pili, pima tena kutoka palepale. Mfereji ukiwa umerudi ndani kwa mm 4, spesa (kipande cha chuma cha kujaza nafasi) ya mm 4 inakaa kati ya balansa na puli. Ukiwa umetokeza nje, isogeze pampu kwa washa nyuma ya braketi yake. Lenga mikengeuko isizidi mm 1.5 kwa kila mm 300 kati ya puli mbili. Zaidi ya hapo mkanda unalia, unatoa unga mweusi, mwisho unaruka.

Spesa nayo ina masharti. Iwe na ukingo unaokaa kwenye kitovu cha balansa, maana puli inayoshikiliwa katikati na bolti peke yake itayumba. Bolti nazo ziongezwe urefu: ya M8 iingie kwenye nyuzi mm 8 hadi 12, wala isigonge mwisho wa tundu.

Kinachosahaulika zaidi ni kipenyo cha puli hiyo. Chukua puli ya krankishafti ya mm 150 inayozungusha puli ya pampu ya mm 125. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kwa mizunguko 750 kwa dakika, pampu inapata 900. Weka puli ya mm 120 na pampu inashuka hadi 720. Stelingi inakuwa nzito gari likiwa limesimama, pampu inalaumiwa, inabadilishwa bure. Mkanda nao utahitaji kupungua kwa karibu mm 47.

Kutoa balansa ya zamani, tumia pula (kifaa cha kuchomolea) inayofungwa kwa bolti kwenye kitovu. Ile ya makucha ikishika duara la nje inachana mpira. Kuingiza mpya, tumia skrubu ya kuvutia inayoshika nyuzi za krankishafti kwa kina. Nyundo inaumiza bearing za kuzuia msukumo wa mbele na nyuma, na kuivuta kwa bolti yake ya kufungia huku imeshika nyuzi tatu nne ni kuomba nyuzi zing'oke. Paka oili kwenye mdomo wa sili, na silikoni kidogo kwenye njia ya kii (kipande cha chuma kinachozuia balansa isijizungushe kwenye krankishafti), kwani oili hupenya hapo. Nguvu ya kukaza fuata kitabu cha injini hiyo. Kama bolti ni ya aina inayovutika, nunua mpya.

Usikubali kuuziwa puli ya alumini tupu kwa jina la balansa. Haina mpira wala kitu kingine cha kumeza mtikisiko wa kujisokota wa krankishafti, na injini ya silinda 6 za mstari, yenye krankishafti ndefu, ndiyo inayoumia zaidi. Uliza pia kama injini inasawazishwa ndani (uzito wa kusawazisha upo kwenye krankishafti yenyewe) au nje. Ya nje inataka balansa yenye uzito uleule wa upande mmoja.

Mwisho, alama ya taimingi (ya kupangia wakati wa cheche). Usiiamini kwa kuwa ni mpya. Hakikisha kwa kuifikisha pistoni ya kwanza juu kabisa, na kama sensa inasoma meno kwenye balansa, yahesabu kabla hujafunga.

Fundi wa injini, msomaji wako