Usimletee kangaja wako mwenzake

Swahiba yangu Salim,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Barua yako nimeipata, na picha ya tangi lako la samaki wa baharini nimeikodolea macho mpaka watoto wakaniuliza natafuta nini. Maji safi, mawe yamepangika, na yule samaki wako kangaja wa njano kanenepa hasa. Sasa unataka kumnunulia mwenzake, eti anaonekana mpweke.

Ndugu yangu, mpweke ni wewe. Mwenzio kutwa anafanya doria: jiwe hili analala chini yake, lile anaparua mwani wake, ile pembe ya kushoto anajikunyata taa zikizimwa. Mtumbukizie mwingine wa umbo na rangi ile ile, uone. Kwake huyo ni mtu aliyekuja kula kila anachokula yeye na kulala kila anapolala yeye. Baharini utawakuta makundi kwa makundi, ni kweli, lakini kule anayezidiwa huondoka zake akatafuta mwamba mwingine. Tangini akimbilie wapi?

Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja, nasi tukadhani shida ni ubabe. Kwa samaki wa matumbawe, nijuavyo mimi, kinachochoma zaidi ni kufanana. Konrad Lorenz, yule Mwaustria aliyepata Nobel na wenzake wawili mwaka 1973 kwa kuchunguza tabia za wanyama, aliwatazama samaki hawa kwenye matangi yake akaona kwamba anayeng'atwa sana ni yule wa aina moja na mng'ataji. Alidai rangi zao kali ni kama bendera ya kuwaonya wa aina yao. Hilo la rangi limebishaniwa sana, lakini la kung'atana utaliona mwenyewe sebuleni kwako. Mtazame kitatange, yule Pomacanthus imperator. Akiwa mtoto ni wa buluu iliyokoza yenye miduara myeupe, akikua anageuka mistari ya njano na buluu, ungeapa ni samaki wawili tofauti. Wengi huamini mtoto kavaa nguo tofauti ili wakubwa wasimwandame.

Mimi somo hili nililipia. Tangi langu la kwanza nililianza na damseli mmoja wa buluu, kwa kuwa aliyeniuzia alisema ni mgumu, hafi hovyo. Kweli hakufa! Samaki wa sentimita nne tu, miezi sita peke yake, akajiona kamiliki ulimwengu. Kisha nikamleta Nemateleotris, yule mwembamba mwenye pezi refu la mgongoni na nyuma mwekundu, mpole kuliko wote. Damseli hakumrukia mara moja. Alisimama mbele ya tundu lake, akajilaza ubavu kidogo, mapezi yote wazi, kama mtu anayekunja mikono ya shati. Halafu akafyatuka. Mgeni akabanwa juu kabisa pembeni, nyuma ya hita, pua ikigusa uso wa maji, akipumua mbio mbio. Nikajiambia watazoeana, nikaenda kulala. Asubuhi nilimkuta nyuma ya kabati, mkavu kama ukoko. Karuka. Ndiyo maana nakwambia kila mara funika tangi kwa wavu, hata kama unaharibu sura.

Kumtoa yule damseli ilinibidi nitoe kila jiwe, maana akiona kimia tu anapotelea mapangoni. Jioni nilipoyarudisha mawe kwa mpangilio mwingine, samaki waliobaki, hata wale watata, walikuwa wanatembea kwa adabu kama wageni msibani. Kila mmoja kapoteza anwani yake. Tangu siku hiyo, kabla sijaingiza samaki mpya, nahamisha mawe kwanza.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: wapole watangulie, watata waje mwisho. Wewe ulianza na kangaja, basi mkaidi keshakuwa mwenyeji, imekula kwako. Kama roho yako inataka kangaja mwingine kabisa, asiwe wa Zebrasoma, jamii moja na huyo uliye naye. Tafuta wa umbo jingine, na wapishane ukubwa. Na usinitajie lita peke yake, nitajie urefu. Kangaja ni mwogeleaji, wa njano mwenyewe hufika sentimita 20, na yule wa buluu mwenye mkia wa njano, Paracanthurus hepatus, hufika 30. Kwenye picha tangi lako naliona fupi. Kama halifiki mita moja na nusu, tuiache hadithi hii hapa.

Likifika, tumia kisanduku. Ni cha plastiki inayoonyesha, kina matundu pande zote, unakining'iniza ndani ya tangi na mgeni unamweka humo. Mimi kangaja wa buluu nilimwingiza hivyo kwenye tangi la mita 1.8 ambamo wa njano alikuwa na mwaka mzima. Siku ya kwanza wa njano hakula. Alikuwa anakiendea kisanduku kwa ubavu, anapiga plastiki kwa mkia, tak, tak, hata mimi kwenye kiti nasikia. Unajua kangaja ana mwiba pale shina la mkia, mkali kama wembe, na silaha yake ni huo. (Kovu la kidole changu cha shahada ninalo mpaka leo, nilipomshika kizembe.) Siku ya tatu akawa anapiga akienda kula na akirudi. Siku ya sita alipita pale bila kugeuka, akaenda kwenye mwani wake. Nikangoja siku mbili nyingine, nikawalisha wakashiba, nikazima taa, ndipo nikafungua. Kulipokucha kulikuwa na kufukuzana mara mbili tatu, basi. Mapezi yalichanika kidogo, yakaota tena.

Wapo wanaobandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi ili mwenyeji apigane na sura yake mwenyewe wakati mgeni anatafuta pa kujificha. Nimejaribu; kinasaidia saa chache, kisha anastuka kuwa yule wa kiooni hana madhara.

Mgeni asipopita karantini, usimwingize popote. Wiki nne kwenye tangi la pembeni. Samaki anayefukuzwa kinga yake hushuka, na ile Cryptocaryon (kimelea kinacholeta vidoa vyeupe kama punje za chumvi) humpata yeye kwanza, halafu inawazungukia wote hadi mbabe mwenyewe. Ukiona hata baada ya kutoka kisandukuni anakaa pembe ya juu, hali, na mwenziwe hampi nafasi, mtoe mbabe usimtoe mnyonge. Mweke kando wiki moja au mbili. Akirudi atakuwa yeye ndiye mgeni.

Umeniuliza pia kuhusu wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wa kwenye anemoni (yule mnyama wa baharini mwenye minyiri), kwamba mdogo akikaribiwa na mkubwa anatetemeka kama ana homa, na unataka kuwatenganisha. Usiwaguse! Hao wote huzaliwa madume. Anayetawala ndiye hugeuka jike na kukua zaidi, na mdogo anabaki dume. Ule mtetemo ni shikamoo yake, anamwambia mkubwa "nimekubali, usiniume." Jike akifa, huyo huyo dume atageuka jike. Wale wasiosalimiana ndio wa kuogopa.

Basi pima urefu wa tangi ndani kwa ndani, uniandikie. Kisanduku changu kiko bure, nitakuletea. Msalimie mama watoto, na huyo mdogo anayetetemeka mwache atetemeke.

Wako,
Hamisi