Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: mifumo ya ERP, yaani programu za kusimamia rasilimali za kampuni nzima.

Wengi tulidhani ni programu ya uhasibu iliyoongezewa mambo. Kumbe uhasibu ni chumba kimoja tu cha nyumba hiyo. Manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo na mishahara vina vyumba vyao, na wote wanachota kwenye hifadhidata moja. Muuzaji akiingiza oda, mtunza stoo anaona mzigo wa kutenga na watu wa manunuzi wanaona kilichopungua. Mzigo ukitoka, mhasibu anatoa ankara bila kuandika upya alichokwisha kuandika mwenzake. Kwangu mimi faida yenyewe ndiyo hiyo, kuliko ripoti za rangirangi tunazoonyeshwa na wauzaji wa mifumo hii.

Asili yake ni viwandani. Miaka ya 1960 kompyuta zilianza kupiga hesabu ya malighafi: tutengeneze ngapi, kila moja inakula nini, stoo kuna nini, kiagizwe nini na lini. Baadaye fedha na wafanyakazi wakaingizwa humo, na mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikatoa jina la ERP. Leo ipo mifumo ya SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 1972, na ipo ya msimbo huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadili, kama ERPNext.

Mjadala mkali ulihusu maduka ya vyakula ya Lidl ya Ujerumani, yaliyoachana na mradi wao wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyokadiriwa kufika euro milioni 500. Sababu iliyotajwa sana ni hii: mfumo ulithamini mali ya stoo kwa bei ya kuuzia, Lidl walizoea bei ya kununulia, wakaamua kuubadili mfumo ufuate mazoea yao.

Sisi katika kampuni yangu tulikosea kwingine. Bidhaa ileile ilikuwa na majina matatu kwenye daftari za stoo, tukaihamisha hivyohivyo. Mfumo ukasema imekwisha ilhali rafu zimejaa, tukaagiza tena. Linaloniuma ni kwamba mtunza stoo alituuliza mapema kuhusu majina hayo, na hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwemo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mafunzo ya mwaka ujao yaanze na watunza stoo na makarani, wakurugenzi wafuate. Wanachama watatu wanaojiandaa kununua mfumo wamekubali kutufungulia stoo zao, tusafishe pamoja orodha za bidhaa na kuhesabu mali iliyopo kabla kompyuta haijaguswa. Anayetaka kushiriki ampe katibu jina lake leo, kabla hatujatawanyika.