Tuache kuvalisha mizinga nailoni, tuwaachie nyuki asali yao

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kuhusu tabia moja imeingia kwa sisi wafugaji wa nyuki hapa Nairobi na viunga vyake, kwamba Juni ikifika tu na baridi ianze kuuma basi kila mtu anatafuta nailoni, blanketi kuukuu, gunia, hadi ile karatasi nyeusi ya lami, anafunga mzinga mzima manake ameona video ya mzungu akifanya hivyo kwa theluji. Huku Dagoretti na kule Kikuyu nimeona mizinga kadhaa imefungwa hivyo, na nimeona pia kilichopatikana ndani ikifunguliwa Agosti.

Wacha nianze na huko kwa wenyewe kwanza. Mtoto wa dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na anafuga nyuki nyuma ya nyumba yake, kwa hivyo hii si habari ya kuokota. Huko Januari nyuzi 20 chini ya sifuri ni kitu cha kawaida na kwa miezi karibu mitano hakuna ua hata moja nje. Watu wengi hudhani nyuki wa huko wanalala usingizi mpaka jua lirudi. Hawalali. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi wanaanza kujikusanya, malkia katikati, wamebanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, halafu wanatetemesha ile misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe na hapo ndipo joto linatoka, mpaka katikati kukiwa na watoto panafika nyuzi 34 au 35 na nje theluji imefunika kila kitu. Wale wa pembeni wakipoa wanajipenyeza ndani. Na ni nyuki tofauti kabisa hao, wamenona, wanaweza kuishi hadi miezi 6, wakati ndugu zao wa majira ya joto wanaisha kwa wiki 6 hivi.

Sasa huo mtetemeko unatumia mafuta, na mafuta yake ni asali. Mpwa wangu anaacha kilo 40 hivi kwa kila mzinga kabla ya baridi kuingia. Kilo 40 mhariri! Hapa kwetu mtu akiona kilo 40 ndani ya mzinga ashapigia wateja simu. Na kabla hata ya kufikiria ile karatasi nyeusi anakuwa ashafanya kazi ya maana zaidi, amepambana na wale kupe wa varoa wanaonyonya nyuki tangu Agosti ndio hao nyuki wa baridi wazaliwe wakiwa na afya, ametoa kile kizuizi cha malkia manake kundi linapanda juu likifuata asali na malkia akizuiwa chini anabaki peke yake anakufa, ameweka wavu mlangoni panya wasiingie kujipasha joto, na ameacha kitundu juu hewa yenye unyevu itoke. Karatasi ndiyo ya mwisho kabisa. Lakini kwa video ni karatasi tu ndiyo inaonekana, si unajua mambo ya video.

Hicho kitundu cha juu ndicho watu wetu wanakipuuza. Nyuki akila asali anatoa mvuke, ule mvuke ukipanda ukakutana na kifuniko baridi unakuwa maji, na maji yanawadondokea vichwani. Nyuki mkavu anavumilia baridi kali sana, nyuki aliyelowa hamalizi usiku.

Ndio maana yule jamaa wa Kikuyu (jina nalificha, ni mtu mzuri tu) alipofungua mzinga wake wa nailoni alipata kile alipata. Kifuniko upande wa ndani kilikuwa kinatiririka, masega ya pembeni yameota ukungu, na chini nyuki waliooza wamelaliana unene wa kidole. Lakini ukiangalia yale masega ya katikati ndio unaelewa zaidi. Nyuki walikuwa wamekufa wakiwa wameingiza vichwa ndani ya vyumba vya sega, mikia tu ndiyo inaonekana nje, safu kwa safu. Mfugaji yeyote wa siku nyingi akiona hivyo hahitaji kuambiwa, hao wamekufa njaa, walikuwa wanalamba tone la mwisho. Na kumbe mzinga ule ulikuwa umerinwa mwanzo wa Juni, sega zote, hakuacha hata moja. Akawanyang'anya chakula akawapa nailoni.

Halafu kuna jambo la pili, nyuki wetu si nyuki wa Minnesota. Wa kwetu amezoea kwamba mahali kukikauka maua anafunga virago anahamia kwingine. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka malkia wa nyuki kutoka Afrika hadi kwao, mwaka uliofuata makundi yakamtoroka, wakazaana na wa huko, wakasambaa bara zima wakapanda juu hadi wakaingia Texas mwaka 1990. Wamevuka misitu na mito lakini huko kaskazini kwenye baridi ndefu hawajashika mizizi mpaka leo, manake kukaa mahali pamoja miezi mitano wakila akiba si mtindo wao. Kwa hivyo mfugaji wa hapa akipata mzinga mtupu Julai asikimbilie kusema baridi imeua nyuki. Mara nyingi wameenda zao tu, wamekosa cha kula wakahama, wakakuachia masega yaliyoingiliwa na wadudu wa nondo.

Enyewe baridi yetu ni ya kawaida sana kwa nyuki. Usiku wa Julai Nairobi inashuka nyuzi 10 au 12, Limuru na Kinangop chini ya hapo, wanajikusanya usiku na saa sita jua likichungulia wanatoka. Shida ni mawingu na manyunyu, siku zinapita hakuna kuruka, na wakiruka maua ni machache. Ni njaa ya wiki kadhaa, basi. Njaa inatibiwa kwa chakula, na chakula chenyewe kilikuwa ndani kabla hujaja na ndoo.

Mimi nasema hivi, mavuno ya baada ya masika chukua nusu, hiyo nusu nyingine si yako. Kwa mzinga wa Langstroth, ule wa maboksi yaliyopandanishwa, ondoa yale maboksi ya juu matupu, kwani wapashe joto nyumba yenye hawaishi? Kwa ule wetu wa vipande vya mbao vya kupangwa juu (top bar) sogeza ubao wa kugawa ukaribie kundi. Kifuniko kikiwa bati tupu weka mbao au gunia kavu chini yake, juu tu, pembeni usizibe, na mzinga uuinamishe mbele kidogo maji yatoke mlangoni. Punguza mlango. Na tafadhali acha kufungua kila wikendi kuonyesha wageni, ukifungua kwa baridi watoto wanapoa na ile gundi waliyoziba nayo nyufa unaivunja yote.

Ukitaka kujua kama wana chakula hakuna haja ya kufungua. Shika mzinga kwa nyuma uuinue kidogo tu. Ukiwa umening'inizwa kwa waya weka kiganja chini usukume juu. Wenye asali unagoma kunyanyuka, ule mwepesi unajua hapo hapo. Fanya hivyo kila wiki Juni hadi Agosti, mkono wako utazoea haraka kuliko unavyodhani. Ukipata mwepesi wape sukari nyeupe na maji sawa kwa sawa, jioni, ndani ya mzinga, usimwage nje utaita wezi wa mizinga mingine na siafu juu yake. Sukari guru hapana, inawaharibu tumbo. Asali ya dukani usiyoijua ilikotoka pia hapana, inaweza kuwaletea magonjwa.

Na hizo dawa za varoa watu wanaagiza kwa pesa nyingi juu ya video hizo hizo, jamani. Varoa waligunduliwa hapa Kenya mwaka 2009 na nyuki wetu wengi wanaishi nao bila dawa yoyote. Kabla ya kununua chochote pita pale Lenana kwenye taasisi ya serikali ya nyuki uulize.

Lakini sitaki kulaumu wafugaji peke yao. Kuna wanunuzi wanatuzungukia Mei na pikapu na ndoo, wanalipa keshi, na wanataka kila kitu, hata sega ambazo nyuki hawajaziba. Sega isiyozibwa asali yake bado ina maji, itachacha, lakini wao wanachanganya tu wanauza, na mfugaji ana karo ya shule mbele yake atakataa vipi? Halafu kuna wanaouzia watu mizinga kumi kumi kwa mkopo wakiwaahidi kilo kadha wa kadha kila mavuno bila hata kutaja Julai. Huyo mkulima akishadaiwa na benki hataacha nusu, atakamua mpaka tone la mwisho, mwaka ujao hana nyuki na mkopo uko palepale.

Ombi langu kwenu mhariri, kwa ule ukurasa wa kilimo mtuchapishie kalenda ya maua, mahali kwa mahali, nini kinachanua mwezi gani, manake hiyo ndiyo itamwambia mtu aache asali kiasi gani. Hapa kwangu kaliandra niliyopanda kando ya uzio ndiyo inatuokoa, huwa na maua hata kukiwa na baridi. Wasomaji wa Limuru, Kinangop na Nyahururu, nyinyi mna baridi kutuliko, andikeni mtuambie nyuki wenu wanakula nini Julai.

Mfugaji nyuki,
Dagoretti, Nairobi